Zamu ya Maji ya Yustina

Baba yangu hupenda kusema kwamba mtu hustaafu akiwa na mvi, fimbo na redio yake mwenyewe. Mimi nimestaafu mwezi uliopita nikiwa na miaka thelathini na mitano. Mvi sina, fimbo sina, na redio ni ya mume wangu. Ndiyo sheria ya mradi wetu: mhamasishaji wa michezo lazima awe kijana, na ukigonga thelathini na mitano wewe si kijana tena, hata kama bado unaruka kamba kuwashinda waliokuajiri. Waliniaga kwa keki na kanga. Halafu ninyi vijana mnaoanza kazi mkaniomba niwaandikie mambo niliyoyaona, maana lile kabrasha la ofisini linaeleza malengo tu, halielezi pa kuanzia. Ni kweli. Nililisoma mara mbili, na kwa kuwa niliishia kidato cha pili, mara ya kwanza nilidhani tatizo ni mimi.

Vyeo na mshahara naviruka. Hata vyenyewe vilikuwa vinaniruka.

Siku ya kwanza nilipangiwa Kibondo. Nilitoka kwetu Titye na begi la nguo, filimbi moja, mpira wa pete mmoja na pampu isiyo na sindano. Mpira wenyewe ulikuwa umelala kama chapati. Wasichana kumi na wanne wananisubiri uwanjani, wameshafunga kanga viunoni, na kocha wao anafika na chapati. Nikawaambia tuanze na mazoezi ya viungo. Wakanyoosha mikono, wakanyoosha miguu, wakanyoosha mpaka mmoja akauliza, "Dada, mpira wenyewe ni kesho?" Nikakimbilia kwa fundi baiskeli. Akakata kijibomba chembamba cha antena ya redio mbovu, akakipiga msasa, akaniambia, "Jaribu hii, ikikataa tutazika mpira." Sindano hiyo nimeitumia miaka minne. Kwa hiyo somo la kwanza: mjue fundi baiskeli kabla hujamjua mtendaji wa kijiji.

La pili ni mistari. Chorea majivu, yanapatikana kila jiko. Ila yamwage asubuhi ileile ya mchezo, kwa sababu ng'ombe huyalamba. Kuna siku tulitaka kuanza mechi, duara la katikati halipo, limeondoka na ng'ombe wa mwenyekiti.

Baada ya Kibondo nilipelekwa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi, na huko ndiko nilikofundwa kazi. Aliyenifunda ni Mama Fifi, Mkongo, mnene, mwenye sauti ya kuamsha mtaa, aliyekuwa akifundisha wasichana mpira kabla mradi haujajua kwamba unahitaji mtu kama yeye. Mimi nilifika na hotuba. Nikawasimamisha wasichana wa Kongo huku na wa Burundi kule, nikaanza kuwaeleza umoja. Mama Fifi akanivuta pembeni.

"Weye Koletha, acha kuwaambia wapendane. Watapendana na nani, hata majina hawajuane?"

Akachukua mfuko wa vizibao, vile vyenye herufi za nafasi za uwanjani, akautikisa, kila msichana akaingiza mkono bila kutazama. Aliyetoa GA, herufi za mfungaji, akawa GA. Sasa mfungaji wa Kongo anamhitaji senta wa Burundi, atake asitake, maana katika mpira wa pete huruhusiwi kutembea na mpira. Ukiudaka una sekunde tatu, lazima umpe mwenzako. Siku ile walipeana kwa hasira. Wiki ya pili wakapeana kwa mazoea. Mengine walimalizana wenyewe, sikuwapo.

Kingine nilichokichukua kwa Mama Fifi ni maji. Ekipe yake, kama alivyoiita timu, ilikuwa na dumu moja na kikombe kimoja, na kila mazoezi mchezaji mmoja huleta maji ya wote kwa zamu. Niliuona utaratibu mdogo tu, wa kupunguza mizigo. Nikauhamishia Kasulu nilipopewa timu ya kijiji kimoja upande wa Kabanga. Jina la kijiji silitaji, watu wake bado wananikaribisha ugali.

Sasa niwaeleze kesi iliyonishinda, maana zile nilizoshinda mtazikuta kwenye ripoti.

Kulikuwa na chemchemi chini ya kijiji, na asubuhi wanawake hujipanga pale na madumu. Siku moja nikamwona msichana mrefu, mrefu kweli, akishuka. Foleni ikafunguka kama pazia. Waliokuwa mbele wakakumbuka shughuli, waliokuwa nyuma wakainama kufunga kandambili. Akachota peke yake, akajitwisha dumu la lita ishirini kwa mkono mmoja, akaondoka. Mimi, Mungu anisamehe, niliona mkono ule nikaona mfungaji.

Nikamuuliza kapteni wangu, Pelajia, ambaye alikuwa senta mwenye mapafu ya farasi na ulimi wa wembe.

"Yule mrefu mbona hachezi?"

"Yule? Kocha, yule Yustina, wa kwa Bibi Sabina."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hivyo."

Jibu la maana nililipata kwa watu wengine, kwa minong'ono. Miaka mingi nyuma, Yustina hajazaliwa, mgeni mmoja alikunywa pombe kwenye harusi kwa Bibi Sabina, akafia njiani akirudi kwao. Wengine husema ulikuwa moyo. Lakini moyo hauna nyumba ya kunyooshewa kidole, Bibi Sabina anayo. Tangu hapo ukoo ule ukaitwa walozi, watu wa sumu. Hakuna aliyewapiga wala kuwafukuza. Walisalimiwa vizuri tu, kanisani walikaa benchi moja na wenzao. Ila hakuna aliyekunywa chao.

Ninyi mliotoka mbali lazima mlijue hili la kunywa. Kwetu Uha, mwenye nyumba akikupa kinywaji huonja kwanza mbele yako, ndipo akupe, uone kwamba ni salama. Kwa mgeni hiyo ni adabu. Kwa ndugu na rafiki hakuna kuonja. Ukimwonjea rafiki atakuuliza, "Kwani tumeanza lini kuogopana?"

Nikaenda kumwombea Yustina ruhusa. Bibi Sabina alikuwa kibibi chepesi, mcheshi, amekaa mlangoni anapukuchua maharage.

"Mwakeye, bibi."

"Mwakeye, mwana wanje." Yaani mwanangu. "Kaa. Leo nyumba yangu ina bahati."

Akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha mutobe, maji matamu ya ndizi mbivu, akamimina kikombeni. Akaonja. Wengine huonja mara moja. Yeye akaonja tena, akangoja, akaonja mara ya tatu, polepole, huku ananitazama, kama mtu anayefungua kila mlango wa nyumba yake ili askari wapekue. Halafu akanipa.

Nikakishika kikombe. Mimi, mhamasishaji, niliyesoma lile kabrasha mara mbili. Nikasema, "Bibi, nimefunga."

"Umefunga. Jumanne?"

"Ndiyo, bibi."

"Mbona asubuhi nimekuona pale njiani unatafuna muhogo wa kuchoma?"

Nikamrudishia kikombe. Alicheka, akakipokea kikombe, akakinywa chote mwenyewe, akasema, "Haya. Mchukue mjukuu wangu. Mpira haunywewi."

Yustina akaingia timu. Alikuwa na miaka kumi na saba na alifunga kama anayeweka sufuria kabatini: ananyoosha mkono, mpira unaingia, anashusha mkono. Wasichana walimpa mpira kwa sababu kumpa Yustina ni kupata goli, na hakuna aliyetaka kushindwa. Walimpigia makofi, walimwita Mnara. Nikaandika kwenye ripoti kwamba mambo yamekaa sawa.

Kisha ikafika zamu yake ya maji.

Aliyaleta mapema, dumu limesuguliwa kwa mchanga mpaka linang'aa. Jua la kiangazi, vumbi jekundu, wamekimbia saa nzima. Nikapiga filimbi ya mapumziko. Mmoja akasema hana kiu. Mwingine tumbo limejaa. Pelajia akashika shavu, ati jino linamsumbua, maji baridi haliyawezi. Maji yenyewe yalikuwa juani tangu asubuhi. Yustina alisimama na kikombe, akakirudisha juu ya dumu, na jioni akajitwisha dumu lile limejaa vilevile, akapanda nalo mlima. Maji yanayorudi ni mazito kuliko yanayokwenda.

Niliumia, wanangu. Nikawaza usiku kucha nimwepushe vipi na aibu ile. Na mazoezi yaliyofuata nikatangaza kwa furaha kabisa: kuanzia leo zamu ya maji imefutwa, kila mtu aje na kidumu chake, kwa ajili ya afya. Wasichana wakashangilia. Yustina akaja akaniambia, "Asante, kocha." Nikadhani ananishukuru. Nikajiona nina akili kuliko waliomaliza chuo.

Tukacheza hivyo karibu miezi miwili, mpaka Mama Fifi alipopata kibali cha kutoka kambini na timu yake kuja kucheza nasi mechi ya kirafiki. Walipumzika, wakalizunguka dumu lao moja na kikombe chao kimoja, wakisukumana. Upande wetu kila msichana alikaa na kidumu chake, mgongo kwa mgongo. Mama Fifi akatazama, akaweka mikono kiunoni.

"Koletha. Hii ni ekipe ao ni watu wako mu stendi, kila mutu anangoja gari yake?"

Nikamweleza yote, mpaka muhogo. Hakucheka.

"Uko na roho muzuri," alisema. "Lakini weye umemufungia ule mutoto mulango, na ufunguo umetia mu mufuko yako."

Walipoondoka nikamwita Yustina, nikamuuliza kama ni kweli nimemkosea. Alichora chini kwa kidole cha mguu.

"Kocha, mwanzo walikuwa hawanywi maji yangu na kila mmoja alikuwa na sababu yake ya uongo. Walikuwa wakiona aibu kidogo. Sasa ni sheria, hakuna anayeona aibu."

Halafu akasema, "Ile mechi ya bonanza kule Kibondo nitacheza kwa sababu niliahidi. Baada ya hapo naacha. Kumwagilia mchicha wa bibi kunanitosha."

Nilirudi kwa Bibi Sabina siku ileile. Sikungoja kukaribishwa. Nikasema, "Bibi, leo sijafunga." Akanitazama, akaingia ndani. Alipomimina akapeleka kikombe mdomoni kuonja, nikamshika mkono, nikakichukua kikiwa hakijaguswa, nikanywa mpaka chini. Niliogopa, siwadanganyi. Ulikuwa mutobe mtamu, umezidi tangawizi kidogo. Bibi akamimina mwingine, na tukapukuchua maharage mpaka yakaisha.

Mazoezi yaliyofuata nikawakusanya wasichana. "Ile sheria ya vidumu ilikuwa uoga wangu," nikasema, "nikaupaka rangi ya afya. Tunarudia zamu."

"Kwa hiyo afya imeisha, kocha?" akauliza Pelajia. Wakacheka.

"Imeisha. Zamu iliishia kwa nani?"

Nilitaka niseme inaendelea na anayefuata, nipate wiki chache za kupumua. Pelajia akanitangulia.

"Iliishia kwa Yustina. Na haijapita. Maji yaliyorudi nyumbani si zamu."

Mpaka leo sijui alisema vile kwa ukali au kwa wema. Hata yeye nilipomuuliza alisema, "Sheria ni sheria." Lakini hatukuwa na mazoezi mengine kabla ya ile mechi ya Kibondo, bonanza la timu za wilaya zetu mbili, kwa hiyo zamu yake iliangukia huko. Yustina akaitikia kwa kichwa tu.

Tuliondoka alfajiri kwenye fuso la mahindi, wasichana, mama zao wa kushangilia, ngoma moja na dumu la Yustina limekaa katikati. Mama yake Pelajia alikaa mbali nalo kadiri fuso lilivyoruhusu. Njia nzima waliimba. Mimi nilikuwa nalitazama dumu lile likichezacheza kwenye mashimo kama linataka kushuka.

Kibondo walitupokea vizuri mno. Robo ya kwanza tukawafunga, ya pili wakatufunga, jua likashuka mpaka mabegani. Filimbi ya mapumziko ikalia, na hapo wenyeji, watu wema, wakatuletea ndoo nzima ya maji, safi, ina kifuniko na kata mpya.

Sasa nani kati yenu amewahi kucheza mechi ugenini? Hakuna timu katika nchi hii inayokunywa maji ya wapinzani wakati wa mechi. Miguu inakuwa mizito, macho yanaona goli mbili, wenye kuyajua wanayajua. Wasichana wangu wakaitazama ndoo ya Kibondo. Wakalitazama dumu la Yustina. Wakaitazama ndoo tena. Sijaona watu wakifikiri kwa bidii namna ile, hata kwenye mtihani.

Yustina alikuwa amemimina. Alisimama na kikombe mkononi, na mimi nilijua fundo alilolishika. Akionja, amekiri mbele ya wilaya mbili kwamba yeye ni wa kuonjewa. Asipoonja, watamwacha na kikombe chake, na kesho hatakuja. Hakuonja. Aliunyoosha tu mkono wenye kikombe, kama anavyonyoosha golini. Nilitaka sana niruke nikinywe mimi. Nikauma meno. Maji ya kocha si maji ya timu.

Pelajia akafuta jasho, akaja mpaka mbele yake, akachungulia kikombeni.

"We Yustina, nusu kikombe? Mimi ni kifaranga?"

"Ni... ni cha kwanza tu."

"Jaza! Wewe umesimama golini kama nguzo ya umeme, mimi nimekimbia uwanja mzima. Jaza bwana."

Yustina akajaza. Upande wa mama zetu mtu akapiga kelele, "Pelajia! Wee Pelajia! Weka chini!"

"Mama, ninywe ya Kibondo?" Pelajia alijibu bila kugeuka, akanywa, koo linapanda na kushuka, tukimhesabia wote. Akashusha kikombe, akajifuta kwa mkono. "Mengine."

Wa pili akanywa, wa tatu akanyang'anya. Wawili hawakunywa, wakacheza na kiu yao, na sikuwalaumu, maana mimi nilikuwa nao kwenye chama chao juzi tu. Mechi tulifungwa kwa goli moja. Ningependa kuwaambia tulishinda, lakini Kibondo wananijua, wataandika barua. Njiani tukirudi, mama yake Pelajia alimnywesha binti yake maziwa lita moja dhidi ya sumu, akamkalisha mbele ya macho yake safari nzima. Pelajia alitapika mara moja, karibu na mto. Yalikuwa maziwa.

Sasa msije mkaandika kwenye ripoti kwamba mpira umemaliza jambo. Kinywaji cha Bibi Sabina hadi leo watu hawakinywi harusini, isipokuwa wasichana tisa na mimi. Mpira wa pete ni uwanja mdogo, unaingiza watu saba kwa saba. Lakini mtu aliyeingia, ameingia. Na Yustina hakuacha.

Nilijuaje kwamba ameingia kweli? Si Kibondo. Pale palikuwa na jua, na ugenini, na uchokozi wa Pelajia. Nilijua wiki kadhaa baadaye, kwenye mazoezi ya kawaida tu ya Alhamisi, ilipokuwa tena zamu yake. Alichelewa. Foleni ya chemchemi ilikuwa ndefu, na siku hizi wengine hawampishi, kwa hiyo anangoja kama watu. Wasichana wamelala chini, ndimi nje. Akatokeza kilimani na dumu kichwani, anakimbia nusu nusu, na kabla hajafika walishaanza.

"Ulikwenda kuchota Malagarasi?"

"Mnara ametembea kwa magoti leo!"

"Miguu mirefu hiyo ya nini sasa, mapambo?"

"Kocha, kachelewa! Mizunguko miwili, kama sisi wote!"

Yustina akatua dumu, akanitazama nimtetee. Na mimi kwa huruma yangu mdomo nilishaufungua, niseme jamani mwacheni, leo tumsamehe. Nikaufumba. Nikapiga filimbi, nikamwonyesha uwanja.

Akaanza kukimbia. Mzunguko wa kwanza alikuwa amenuna. Wa pili alikuwa anacheka mwenyewe, kanga inamfunguka, maana huku wenzake walikuwa wamelivamia dumu, wanagombea kikombe, wanamwagiana vifuani.

"Mniachie basi!" akapiga kelele kutoka upande wa pili.

"Kimbia!" wakamjibu, midomo imejaa.